Kitufe cha Mgeni

Ulimwona, na usinizungushe. Siku ile ya kwanza alipoingia kwenye chumba cha kikao, blauzi imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate, akaambiwa asimame ili wenzake wamfahamu, wewe, mnunuzi uliyekuwa unapita tu mbele ya mlango ulioachwa wazi, uligeuza shingo. Ulikumbuka ghafla kwamba simu yako ina ujumbe. Haikuwa na ujumbe. Ulitazama pembeni kama ulivyotazama pembeni yule aliyemtangulia alipokuwa akitoka getini na vikombe vyake kwenye boksi, na kama unavyotazama pembeni hata jikoni kwako, mbele ya kitu ulichokinunua kwa jasho lako na bado hakikutii. Basi leo kaa. Leo utasikiliza mpaka mwisho, na mwishoni kuna kazi yako.

Kampuni ile inatengeneza sufuria ya umeme. Inatengeneza na birika, na pasi, na feni ya mezani inayotikisa kichwa kama mzee aliyekataa posa, lakini sufuria ndiyo inayowalisha wote. Dada huyu aliajiriwa kuwa meneja wa bidhaa, yaani mtu wa kukaa katikati ya fundi anayetengeneza, muuzaji anayeuza na mpishi anayepikia, akahakikisha wote watatu wanazungumza juu ya sufuria moja. Kazi nzuri ukiisikia. Ukiingia ndani unakuta fundi ana sufuria yake kichwani, muuzaji ana yake mdomoni, na mpishi peke yake ndiye mwenye sufuria jikoni, na hakuna anayemuuliza.

Jina lake hawakulitumia. Pale meneja mpya wa bidhaa huitwa Mgeni, awe mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi, na ataitwa Mgeni mpaka aweke kitufe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni ile haikungoja siku ya tatu, wala haikuwa na jembe. Walimpa tundu.

Aliyempa ni Fundi Mkuu, bwana mmoja mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye ndiye anayesimamia utengenezaji. Alimpeleka kiwandani, akamwinamisha mbele ya sufuria mpya kabisa, akamwonyesha safu ya vitufe. Mwisho wa safu palikuwa na tundu la duara lililozibwa kwa kibandiko chenye picha ya ua.

"Hili ni lako, dada," akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha bibi harusi chumba chake.

Mgeni akauliza la nini. Akaambiwa la kitufe chake. Akauliza kitufe cha kufanya nini. Fundi Mkuu akamtazama kama mtu aliyeulizwa pua ni ya nini, akamjibu kwamba hilo ndilo aliloajiriwa kulifikiria.

Usiulize desturi hiyo ilitoka wapi kana kwamba ilishuka na mvua. Desturi zina wenyewe, na wenyewe wana vyeo. Kitufe cha kwanza, Pika, kiliwekwa na mwanzilishi, Mungu amrehemu. Ukikibonyeza sufuria inapika, ukikibonyeza tena inazima. Mwanzilishi hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaja kijana mmoja mwenye mawazo, akaweka Saa. Saa unaibonyeza asubuhi, unaenda zako, sufuria inakaa kimya inakungoja, halafu saa nyingi zikishapita inaanza kupika yenyewe. Kijana yule akapandishwa cheo, akapandishwa tena, na leo ndiye Mkurugenzi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana waliomfuata waliiona njia. Waliona kwamba katika nyumba ile mtu hapandi kwa ngazi, anapanda kwa kitufe.

Akaja mwanakwaya mmoja akaweka Wimbo. Chakula kikiiva sufuria inaimba, na ikishaanza haiambiwi basi. Itaimba mpaka ubeti wa mwisho, mtoto aliyelala aamke na jirani agonge ukuta. Mwanakwaya akathibitishwa kazini. Akaja mwingine, mwoga wa kila kitu mpaka wa kivuli cha mwavuli, akaitwa Bwana Tahadhari, akaweka Kufuli. Kifuniko kinajifunga chenyewe na hakifunguki mpaka sufuria ipoe, hata kama ndani kunaungua na wewe umesimama nje unanusa moshi wa chakula chako. Naye akathibitishwa. Akaja mwingine akaweka Mvuke, akathibitishwa, akahamia kampuni nyingine kabla hajamweleza mtu yeyote Mvuke unafanya nini. Fundi Mkuu, ambaye ndiye aliyekifunga kitufe hicho kwa mikono yake, anasema kinawaka na kuzima. Akiulizwa zaidi ya hapo anasema kinawaka vizuri.

Na yupo mmoja ambaye hawamtaji. Huyo alisema waya wa sufuria ni mfupi, watu wanapikia sakafuni karibu na soketi, watoto wanapita wanajikwaa. Hakutaka kitufe, alitaka waya. Muda wake wa majaribio ulipokwisha akashukuriwa sana, akasindikizwa mpaka getini. Pale kazini wanamwita Yule wa Waya, na wakimtaja wanacheka. Waya mpaka leo ni mfupi, na wewe mpaka leo unapikia sakafuni. Sasa unacheka nini?

Ni baada ya huyo ndipo wakubwa walipoagiza kalibu ya kiwandani, ile inayoipa sufuria umbo, iwekewe tundu mapema, ili asitokee tena mtu wa kuja na mawazo ya waya. Tangu hapo kila sufuria huzaliwa na tundu la meneja ajaye.

Mgeni hakuwa na nafasi ya kuleta ujuaji. Alikuwa ameacha kazi ya kudumu kwenye ofisi ya maji ili aje hapa. Mume wake ni fundi wa majokofu, na wateja walimkimbia tangu yalipoanza kuja majokofu mapya yaliyofungwa kwa namna ambayo hata aliyeyatengeneza hawezi kuyafungua. Wifi yake, mdogo wa mume, anasoma chuo na anakaa nao. Mgeni asipothibitishwa, nyumba nzima inarudi kwa mama mkwe, na mama mkwe ni mtu mwema sana ukimwona mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo dada akafanya kama walivyofanya wenzake. Akafikiria kitufe. Akakiita Pasha, cha kupasha moto kiporo, akakichora kwenye karatasi kikiwa na alama ya kimoto kidogo, akaikunja karatasi vizuri akaitia mkobani. Alijisikia ameshaanza vizuri.

Kilichomharibia ni maharage.

Ilikuwa alasiri. Alirudi nyumbani akiwa na njaa ya mtu aliyekunywa chai tupu kwenye vikao, akamkuta wifi yake amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria, amekunja mikono. Mawifi hawa wanapendana kwa matusi madogo madogo, na Mgeni akajua kwa namna shingo ya mwenzake ilivyolala upande kwamba leo yapo na yanakuja.

"Nimekaa hapa tangu nitoke chuo," wifi akasema. "Taa nyekundu inawaka. Nikasema inapika. Kumbe inanitazama."

Mgeni akainua kifuniko. Maharage yalikuwa yamelala chini ya maji baridi, magumu kama changarawe. Akamwambia wifi yake kwamba amebonyeza Saa badala ya Pika, sufuria inangoja wakati wake. Wifi akasema amebonyeza cha kwanza. Mgeni akasema cha kwanza ni kile, hiki ni cha pili. Wifi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa vitufe.

"Wifi, hawa ni mapacha. Rangi moja, taa moja, kimo kimoja. Hata mama yao angewafunga uzi mkononi ili awajue. Na wewe nasikia unaenda kuwaongezea mdogo wao."

Mume, aliyekuwa mlangoni, akacheka. Kisha akaona hakuna chakula, akaacha kucheka. Walikula mkate.

Maneno yale yalimkaa Mgeni kama mfupa wa samaki kooni. Kesho yake ofisini, kila aliyepishana naye kwenye korido alimwuliza kitufe kinaendeleaje, kwa furaha, kama mtu anayeuliza habari za mimba. Naye akawa anajiuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kujiuliza pale, au kama alijiuliza alilimeza: hawa wenyewe wanapikia nini? Maana kila anayeajiriwa pale hupewa sufuria moja ya bure siku anapoingia. Basi wanazo. Ziko wapi?

Akaamua kwenda kuona. Hakutangaza uchunguzi, maana ukitangaza uchunguzi watu hufagia. Alijialika tu. Alisema yeye ni mgeni, anataka kuwajua wenzake na familia zao, na ni nani aliyelelewa vizuri atamwambia mgeni usije?

Alianzia kwa Fundi Mkuu. Alikaribishwa sebuleni, akapewa juisi, na pale juu ya kabati la vyombo, kati ya picha ya harusi na saa ya ukutani iliyokufa, akaiona sufuria. Bado ilikuwa na nailoni yake ya dukani. Ndani yake mlikuwa na maua ya plastiki. Mke wa Fundi Mkuu akaona macho ya mgeni yalikokwenda, akaeleza kwa fahari kwamba ile ni ya heshima, haipikiwi, mzee mwenyewe ameifunga vitufe kwa mikono yake. Mgeni akauliza kwa upole wanapikia nini. Mama akasema gesi, kwani wanapikia nini tena? Fundi Mkuu akakohoa, akamwongezea mgeni juisi ambayo hakuiomba.

Jumamosi iliyofuata akaenda kwa mkuu wa mauzo. Huyu jina lake la kazini ni Hakuna Shida, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mzigo umechelewa, hakuna shida. Mteja amerudisha mzigo, hakuna shida. Kwake sufuria ilikuwa jikoni, na ilikuwa inatumika, inachemka kabisa, na Mgeni moyo ukamruka kwa furaha mpaka alipoinama. Vitufe vyote vilikuwa vimebandikwa plasta nyeupe ya kidonda, kasoro kimoja. Kile kimoja kilikuwa kimepakwa rangi ya kucha, nyekundu, nene, tabaka juu ya tabaka.

Mama mzazi wa Hakuna Shida alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Mgeni akampa shikamoo, akamwuliza nani amefanya kazi hii nzuri.

"Mimi," bibi akasema. "Huyu mwekundu ndiye mpishi. Hao wengine ni wapambe."

Hakuna Shida alikuwa ametazama dirishani.

Akaendelea hivyo, nyumba baada ya nyumba. Alikuta sufuria imewekwa vitunguu. Alikuta sufuria imewekwa rimoti za televisheni. Alikuta moja imegeuzwa kitako juu, mtoto anaitumia kama ngazi ya kufikia sukari. Na katika kila nyumba mwenyeji alimsindikiza mpaka njiani, akamshika mkono, akashusha sauti, akamwambia kwa kweli, dada, ile Saa ni balaa. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Watu waliokuwa wakikaa meza moja miaka nenda miaka rudi, wakisifu sufuria kwa zamu, kumbe kila mmoja anarudi nyumbani kuificha. Funika kombe mwanaharamu apite, nao wamefunika mpaka wamesahau kombe lina nini.

Mgeni akamwambia kila mmoja neno lile lile: sitaweka kitufe. Nitaomba tundu langu lizibwe, na Saa itolewe pale ilipo. Je, nikisema mbele ya Mkurugenzi, utasimama nami? Fundi Mkuu akasema we anza tu, dada, mimi niko nyuma yako. Hakuna Shida akasema hakuna shida. Wifi yake aliposikia majibu hayo alimwuliza kama katika watu wote hao yupo hata mmoja aliyeahidi kuwa mbele yake au ubavuni, maana nyuma ni mahali pazuri sana pa kukimbilia.

Hapo Mgeni akaogopa. Hakuogopa kikao, aliogopa ukimya wa kikao. Alijua akisimama na kusema tu, maneno yataruka juu ya meza na kutua kwenye vikombe vya chai, na yeye ataitwa Yule wa Maharage. Kwa hiyo akatafuta njia nyingine, na njia yenyewe akaipata katika desturi yao wao wenyewe. Kila meneja mpya hupewa kikao cha kutoa kitufe, na kikao hicho hula chakula cha mchana pamoja. Mgeni akaenda kwa Mkurugenzi akamwomba jambo moja: safari hii chakula kisinunuliwe. Kipikwe humo humo kikaoni, kwa sufuria yetu, na apike Mkurugenzi mwenyewe.

Mkurugenzi alifurahi mpaka akasimama. Ni mzee mtanashati, mwenye mvi zilizochanwa na miwani ambayo siku zote iko kwenye paji la uso na si machoni. Akasema kwa nini hakuna aliyewahi kuwaza hivyo. Akasema atakuja na aproni.

Na kweli alikuja na aproni. Asubuhi ile meza ndefu ilikuwa imejaa, wakuu wote wapo, na mwisho wa meza, karibu na soketi kwa sababu unazozijua, palikuwa na sufuria mpya, maharage yaliyolowekwa, kitunguu na chumvi. Mgeni alikaa na mkoba magotini. Ndani ya mkoba ilikuwepo karatasi ya Pasha. Alikuwa hajaitupa. Mzee akibonyeza Pika, maharage yataiva, kila mtu atapiga makofi, naye ataitoa Pasha na kuthibitishwa, na jioni hakuna atakayejua kwamba alikuwa na wazo lingine. Usimhukumu. Wewe una karatasi ngapi za namna hiyo?

Mkurugenzi akamwaga maharage, akamwaga maji, akatia chumvi kwa madaha, akaeleza kidogo jinsi ujana wake ulivyokuwa. Miwani ilikuwa kwenye paji. Kidole kikashuka. Kikatua kwenye Saa.

Taa nyekundu ikawaka.

Mgeni alikiona kidole. Akainua macho kuwatazama wengine, kuona nani atasema, na akaona kwamba wote wameona. Fundi Mkuu alikuwa anasoma dari. Mwingine alikuwa anazungusha kifuniko cha kalamu. Hakuna Shida alikuwa anatazama maji katika glasi yake kana kwamba yana habari mpya. Mkurugenzi akasugua viganja, akasema haya, tuendelee, chakula kiko njiani.

Kikao kikaendelea. Wakazungumza juu ya feni. Wakazungumza juu ya katoni zinazolowana ghalani. Saa ya ukutani ikatembea, na sufuria ikakaa pale na taa yake, kimya kama mgonjwa anayejifanya amelala. Kisha Mkurugenzi akainua pua, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Mnasikia? Imeanza kunukia."

Na Hakuna Shida, mtoto wa yule bibi mwenye rangi ya kucha, akavuta pumzi naye akasema, "Kweli, bosi. Inanukia."

Fundi Mkuu akasema inanukia vizuri hasa. Mwingine akasema anasikia mpaka kitunguu. Ikazunguka meza nzima hivyo, watu wazima wenye watoto na mikopo wananusa hewa tupu na kuisifu, mmoja akimeza mate kabisa, ikafika kwa Mgeni. Wote wakamgeukia. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, vidole juu ya karatasi.

Akautoa mkono mtupu.

"Bosi," akasema, "hayanukii. Hayajaanza."

Aliyekuwa akimeza mate akaacha. Mkurugenzi akatabasamu kidogo, akaenda kwenye sufuria, akainua kifuniko. Hakuna mvuke uliotoka. Akashusha miwani machoni. Akatia kidole ndani ya maji, akakitoa, akakitazama. Akasema sufuria hii ni mbovu. Fundi Mkuu angeweza kusema ndiyo, na kila kitu kingeishia hapo. Lakini huwezi kumwambia fundi sufuria yake ni mbovu.

"Nzima, bosi," akasema, kwa sauti nyembamba kuliko ya kawaida. "Umebonyeza Saa."

"Mlijua?"

Fundi Mkuu akarudi kusoma dari. Ndipo Mgeni akasimama, na alichokisema hakikuwa hotuba. Alisema hana kitufe. Alikuwa nacho, kiko mkobani, bosi akikitaka atampa. Lakini ameingia majikoni, na sufuria za humu ndani ameziona zilipo, na hata mtu mmoja hatumii kitu kingine zaidi ya Pika. Akaomba tundu lake lizibwe kabisa. Akaomba Saa iondolewe pale ilipo, kwa kuwa mtu mwenye njaa hana macho ya kutofautisha mapacha. Hakutaja jina la mtu wala nyumba ya mtu. Akakaa, akaurudisha mkoba magotini.

Mkurugenzi akawauliza wakuu wake kama ni kweli. Fundi Mkuu akasema ya kwake iko sebuleni, kwa heshima. Hakuna Shida akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuna kilichotoka.

Mzee akavua aproni polepole. Akasema kitufe kile alikitoa katika nyumba yake. Yeye na mkewe walikuwa wakifanya kazi zamu moja, wanarudi wote wamechoka, hakuna wa kupika, wanagombana mlangoni kabla hawajavua viatu. Alitengeneza Saa ili jioni wakirudi wakute kimeiva. Na wakakuta. Mkewe alilia. Akasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma namba ya gari, na Mgeni akaona aibu kidogo, ingawa alikuwa sahihi. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akauliza: na siku hizi, bosi, mama anaitumia?

Mkurugenzi akatazama pembeni.

Halafu akakasirika, kama wanavyokasirika wakubwa wakishikwa wakitazama pembeni. Akasema vizuri. Akasema yeye haongozi kampuni kwa majiko ya wafanyakazi. Sufuria hii imeuzwa miaka yote hii mjini na mashambani, na kuna dawati la wateja, lina kiti na lina simu, na namba yake imepigwa chapa kwenye kitako cha kila sufuria. Akauliza imewahi kupigwa na mtu kulalamikia Saa? Hakuna aliyesema ndiyo, kwa sababu haijawahi. Akasema basi wateja wameridhika. Wateja wakilalamika, Saa itatoka na tundu litazibwa, anaahidi mbele ya wote. Wasipolalamika mpaka muda wa majaribio wa Mgeni uishe, tundu litapata kitufe kutoka kwa meneja mwingine.

Maharage waliyamwaga. Walikula mkate.

Wifi ndiye aliyepiga simu wa kwanza. Hata hakusubiri mkoba wa Mgeni utue chini. Alipiga, akaeleza habari ya kukodoleana macho na sufuria, akatumia lugha ambayo kaka yake alitoka nje ili asiisikie. Mkurugenzi alipopelekewa malalamiko hayo akauliza mlalamikaji ni nani, akaambiwa, akasema simu za ndugu hazihesabiwi. Na yule bibi mwenye rangi ya kucha alipopiga, akaambiwa naye ni familia ya kampuni.

Kwa hiyo Mgeni amehamisha kiti chake. Amekaa kwenye dawati la wateja, mbele ya ile simu, na ukipita pale utamwona amenyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha. Wenzake wakipita wanapunguza mwendo. Jana Hakuna Shida alimletea chai, akasimama kidogo, akaitazama simu naye. Haikulia.

Ndiyo maana umewekwa hapa, wewe. Si ndugu yake. Hufanyi kazi pale. Unahesabika. Miaka yote hii umebandika plasta, umebahatisha, umekula mkate, ukasema mambo ndivyo yalivyo, na ukimya wako ndio wanaouonyesha kama ushahidi kwamba umeridhika. Inuka. Nenda jikoni. Chomoa waya, mwaga kilichomo, igeuze sufuria kitako juu. Namba iko pale, imeandikwa ndogo makusudi, kwa hiyo vaa miwani. Usianze kwa kuomba radhi kwamba unasumbua. Sema umengoja chakula na chakula hakikuja, sema ni kitufe gani, taja jina lako kamili. Kisha mpe simu jirani yako naye aseme lake. Mbona bado umekaa? Muda wake unakwisha. Piga sasa hivi.